Mtungi Uleule, Dakika Tofauti: Mwongozo wa Mazoezi na Mlo kwa Askari wa Zimamoto wa Arusha na Moshi

Chukua mtungi wa hewa wa lita 6 uliojazwa hadi bar 300. Ndani yake mna hewa lita 1,800 hivi. Askari anayevuta lita 40 kwa dakika atakaa nao dakika 45 kwa hesabu ya karatasi. Anayehema lita 80 kwa dakika ataumaliza katika dakika 22, na hapo hujatoa akiba ya kutokea nje filimbi ya onyo la hewa kupungua ikishalia. Wote wawili wamevaa mtungi uleule na wamepita mlango uleule. Kinachowatofautisha kiko kifuani, miguuni, na kwenye sahani waliyokula jana.

Hesabu hiyo ndiyo kipimo cha kila kinachofuata hapa. Zoezi au chakula kinachokuongezea dakika ndani ya moshi kinabaki. Kinachopendezesha picha ya mtandaoni tu, tutakipita.

Kazi yenyewe inadai nini

Koti, suruali, buti, kofia, barakoa na mtungi hufika kilo 20 hadi 25 kabla hujashika kifaa chochote. Kisha uje mpira wa maji. Mpira wa milimita 70 wenye urefu wa mita 25, ukijaa, una lita 96 ndani yake, yaani karibu kilo 100 mbali na uzito wa mpira wenyewe. Ule wa milimita 45 unabeba kilo 40 hivi za maji. Kwenye vichochoro vya Unga Limited kwa Arusha au Pasua kwa Moshi, gari la zimamoto halifiki mlangoni. Mipira inaungwa na kuvutwa na watu, na hao watu ni ninyi.

Mwili hufanya kazi hiyo kwa vipande: dakika mbili tatu za nguvu zote, kupumua kidogo, halafu tena. Unaifanya ndani ya joto, mara nyingi baada ya kukaa kituoni saa nyingi bila kutoa jasho. Kengele inalia na moyo unaruka kutoka mapigo 65 hadi 130 kabla hata hujafunga buti. Moyo usiozoeshwa haupendi mchezo huo. Nchini Marekani, ambako vifo vya askari wa zimamoto vimehesabiwa kwa miongo mingi, sababu inayoongoza kuua wakiwa kazini ni moyo kusimama ghafla, na hutangulia mbali kuungua na kuangukiwa na paa.

Kwa hiyo kituo ambacho mazoezi yake yote ni mchakamchaka wa alfajiri kinafanya nusu ya kazi. Mchakamchaka unaunganisha watu, na nyimbo zake humwamsha hata aliyelala vibaya. Lakini unauzoesha mwili jambo moja tu: kwenda mwendo mmoja bila mzigo. Na kuruka kichura kwa mamia kama adhabu, naomba tukuache. Kunachosha magoti bila kukupa nguvu utakayoitumia kwenye ngazi.

Hatua ya 1: Anzia kwenye presha, si kwenye raba

Kabla ya wiki ya kwanza pima presha, sukari na kiuno. Hospitali ya Mount Meru kwa wa Arusha, Mawenzi au KCMC kwa wa Moshi, au kituo cha afya chochote kilicho karibu. Presha ya 140/90 au zaidi, ikirudiwa siku tofauti na kubaki hapo, inakupeleka kwa daktari kabla ya kukupeleka mlimani. Kiuno cha mwanaume kikizidi sentimita 102, au cha mwanamke sentimita 88, hatari ya moyo na kisukari imepanda hata kama mikono ina misuli. Wenye zaidi ya miaka 40, waliowahi kubanwa na kifua wakipanda ngazi, na wale ambao baba au kaka alikufa ghafla kijana, waombe kipimo cha umeme wa moyo. Usione aibu. Afande mwenye cheo kikubwa na kitambi ndiye hasa ninayemsema.

Hatua ya 2: Ujue ulipo

Nchini Uingereza kiwango cha pumzi kinachopendekezwa kwa askari wa zimamoto, yaani oksijeni ambayo mwili unaweza kuitumia ukijitahidi kabisa, ni mililita 42.3 kwa kila kilo ya mwili kwa dakika. Huna haja ya maabara kukijua. Daktari Kenneth Cooper wa jeshi la anga la Marekani alichapisha mwaka 1968 kipimo cha kukimbia dakika 12, na kwa hesabu yake, anayefika kilomita 2.4 katika muda huo yuko karibu na kiwango hicho. Ni mizunguko sita ya njia ya mita 400. Pasha mwili dakika kumi, kimbia mizunguko hiyo sita, andika muda. Ukitumia dakika 15, usikate tamaa: hiyo ndiyo namba yako ya kuanzia. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kidogo kuliko ya Moshi, iliyo chini ya mita 900, basi msilinganishe sekunde na wenzenu wa mkoa wa pili. Kila mtu ajilinganishe na nafsi yake ya miezi mitatu nyuma.

Kipimo cha pili ni cha mikono. Jaza madumu mawili ya lita 20, yabebe moja kila mkono, utembee mgongo ukiwa wima mpaka vidole vigome. Ukifika mita 100 bila kuyaweka chini, una mshiko wa kazi. Wengi wanaojisifu kwa pushapu huishia mita 40.

Cha tatu ni ngazi. Mtihani wa CPAT wanaofanyiwa waombaji wa kazi hii Marekani na Kanada huanza na dakika 3 za kupanda, hatua 60 kila dakika, wakiwa na mzigo wa kilo 34. Kisha wanaingia kazi saba nyingine, na zote nane ziishe ndani ya dakika 10 na sekunde 20. Wewe anza na begi la kilo 10 kwenye ngazi za jengo lolote, dakika 3 bila kushika ukuta.

Hatua ya 3: Pumzi

Hapa ndipo dakika nyingi za mtungi hupatikana, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Msingi ni kukimbia taratibu. Mara moja au mbili kwa wiki, dakika 40 hadi 50, mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kukatika. Watu wetu wanakosea hapa kwa kukimbia haraka mno. Kila mbio inageuka mashindano, na mwili haupati muda wa kujenga moyo mpana. Ukishindwa kuongea, tembea. Hakuna anayekupiga picha.

Juu ya msingi huo weka mlima, na mlima ninyi mnao bure. Arusha, panda kutoka Sanawari kuelekea Ilboru. Moshi, shika barabara ya Kibosho au ya Uru. Kimbia kwa nguvu dakika 2 ukipanda, shuka ukitembea, rudia mara 4. Ongeza mzunguko mmoja kila wiki mbili mpaka ufike 8. Kushuka usikimbie: magoti huumia kwenye kushuka kuliko kwenye kupanda, na huna haraka ya kufika popote.

Wiki inayofuata badala ya mlima fanya dakika nne nne: dakika 4 kali kwenye tambarare, dakika 3 za kutembea, mara nne. Dakika ya tatu ya kila kipande utatamani kuacha. Hali hiyohiyo utaikuta ukivuta mpira uliojaa kwenye kona, na ni vizuri mwili uwe umeshaonja.

Kisha jifunze kupumua. Inasikika kama utani kumwambia mtu mzima ajifunze kupumua. Ukiwa na barakoa na hofu kidogo, pumzi hupanda juu ya kifua na kuwa fupifupi, na mtungi unakwisha bila kazi kufanyika. Zoezi ni hili: baada ya kila kipande kikali, vuta hewa kama kawaida, toa polepole huku ukiguna kwa sauti ya chini, pumzi ndefu kuliko ya kuvuta. Rudia mpaka moyo utulie. Ukishazoea uwanjani, fanya ukiwa na barakoa, halafu tazama geji ya mtungi uone hewa iliyobaki.

Hatua ya 4: Nguvu ya kubeba na kuburuta

Jimu si lazima. Kituo kikiwa na madumu manne, viroba viwili vya mchanga vya kilo 25 vilivyoshonwa mara mbili, tairi kuukuu la lori, kamba nene na chuma cha kuning'inia, kimetimia.

Mara mbili kwa wiki, chuchumaa na kuinuka ukiwa umekumbatia kiroba kifuani, mara 8 hadi 12. Inua kiroba au dumu kutoka chini, mgongo ukiwa umenyooka na nguvu ikitoka kwenye mapaja na makalio. Huu ndio mwendo wa kumnyanyua majeruhi, na ukiujifunza vibaya utaumiza kiuno siku usiyoitaka. Piga pushapu. Ning'inia ujivute, na asiyeweza aning'inie tu sekunde 30, ataweza. Beba madumu mita 40, pumzika, rudia. Maliza kwa kukaa juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka, sekunde 40. Fanya raundi tatu, na kila raundi ibakize nguvu ya marudio mawili. Anayejimaliza kabisa kila mara huishia kwa daktari wa mifupa.

Kuburuta kuna siku yake. Funga viroba viwili au vitatu pamoja, vifike kilo 70 au 80, uvishike kwa kamba na kurudi nyuma nyuma mita 20. Mtu mzima aliyezimia ni mzito kuliko anavyoonekana, hasa sakafu ikiwa kavu.

Askari wa kike mtasikia kwamba kazi za kubeba si zenu. Moto haupunguzi uzito wa mpira kwa ajili ya mtu, kwa hiyo programu ni hiihii. Mnachoweza kubadili ni kuanza na kiroba cha kilo 15 na kupanda kila wiki tatu.

Hatua ya 5: Mara moja kwa wiki, vaa

Baada ya wiki sita za hayo, anza mzunguko wa kazi ukiwa na mavazi. Vuta mpira mita 30, panda ngazi ghorofa mbili na madumu mawili yaliyojaa nusu, piga tairi kwa nyundo kubwa mara 20, tambaa mita 15, buruta viroba mita 20. Pumzika dakika 5, rudia mara moja tu mwanzoni. Wiki ya kwanza vaa koti peke yake. Ya pili ongeza mtungi bila barakoa. Ya tatu vaa kila kitu. Mwili huchukua siku 10 hadi 14 kuzoea joto, na Moshi ya Februari si mahali pa kuharakisha. Fanyeni kabla jua halijapanda, mwenzako akikutazama. Akianza kuongea ovyo, kuyumba, au kuacha kujibu akiitwa, zoezi limekwisha: mvue, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na apelekwe hospitali.

Kuvaa nailoni ili jasho litoke jingi hakupunguzi mafuta. Kinachotoka ni maji, na utayarudisha ukinywa glasi mbili.

Hatua ya 6: Zamu

Moto hausubiri upumzike. Ukiwa zamu, zoezi likuache na angalau robo tatu ya nguvu zako. Weka kazi nyepesi kwenye saa za zamu: kunyoosha viungo, mbio za kuongea, ufundi wa mpira na ngazi. Mlima, viroba na mzunguko wa mavazi viende siku za kutokuwa zamu, au mwanzoni mwa mapumziko. Kamanda anayewakimbiza askari wake mpaka walale chini saa 12 asubuhi, kisha saa 2 simu ya 114 ikalia, ameupa moto faida.

Usiku uliovunjika na wito, siku inayofuata lala kwanza. Zoezi lililokosekana halilipwi kwa deni.

Hatua ya 7: Chakula, na kabla yake, sabuni

Ushauri wangu wa kwanza wa mlo hauhusu mlo. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kazi ya kuzima moto katika kundi la mambo yanayosababisha saratani kwa binadamu. Masizi yanaingia kwa ngozi, kwa pua na kwa vidole vinavyomega ugali. Ukitoka kwenye tukio, vua koti nje, nawa uso, shingo na mikono kwa sabuni, ndipo ushike hata chupa ya maji. Mavazi ya moto yasiingie jikoni wala chumba cha kulala.

Sasa sahani. Wa kaskazini hawana haja ya kununua unga wa kwenye kopo wenye picha ya mtu mwenye misuli. Askari wa kilo 75 anayefanya programu hii anahitaji protini gramu 90 hadi 120 kwa siku. Hesabu: mayai mawili gramu 12, kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15, vikombe viwili vya maziwa au mgando gramu 16, kipande cha nyama kilichoiva cha gramu 100 kinatoa 25, konzi ya karanga 7, na dagaa wakavu gramu 30 wanakaribia 15. Umefika 90, na bado ugali wenyewe haujahesabiwa. Siku nyama haipo, ongeza maharage na dagaa. Dagaa ndio chakula kinachodharauliwa kuliko vyote na kinacholipa kuliko vyote.

Wanga ndio mafuta ya gari. Mtori wa ndizi mshare asubuhi ya mzunguko wa mavazi ni mzuri mno, ukiliwa saa mbili au tatu kabla. Makande yanakaa tumboni muda mrefu na yanafaa kabla ya zamu ndefu. Hayafai saa moja kabla ya mlima, utajuta. Loshoro la nyumbani kwa Wamaasai na Waarusha, mahindi na maziwa ya mgando, linaunganisha wanga na protini katika bakuli moja, na ningependa kuliona kwenye majiko ya vituo mara nyingi zaidi. Siku ya mazoezi makali ugali, ndizi au viazi vitamu vichukue theluthi moja ya sahani hadi nusu. Siku ya kukaa, robo inatosha, na mboga ipande kuwa nusu.

Mboga ndiyo tatizo. Kwa mama lishe wengi mboga ni kijiko pembeni mwa wali. Omba ziongezwe, lipia. Mnafu, mchicha, figili, matembele na parachichi Soko la Kilombero au Mbuyuni si vitu vya anasa. Madini ya chuma yaliyomo kwenye mnafu na maharage hufyonzwa vizuri ukila na chungwa au limau, na hufyonzwa vibaya ukiyasindikiza na chai. Kunywa chai saa moja baadaye, hasa askari wa kike, ambao hupoteza damu kila mwezi na huhitaji chuma zaidi.

Chipsi mayai saa 5 usiku ndicho chakula cha zamu kwa sababu ndicho kilicho wazi. Si dhambi mara moja kwa wiki. Kila usiku, kiuno kitakueleza. Mbadala usiohitaji moto mwingi: uji wa ulezi wenye karanga ndani ya chupa ya chai, ndizi mbivu, mayai ya kuchemsha yaliyopikwa jioni, mgando. Mkichanga kidogo kila mtu na mkapeana zamu za kupika, chakula cha kituo kinakuwa bora na nafuu kuliko cha barabarani. Chumvi, watu wote wa kaskazini tunaipenda kwenye nyama choma: Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha na iliyomo kwenye supu.

Soda moja ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinaongeza kafeini juu ya moyo ambao kengele itaurusha hata hivyo. Pombe, iwe bia au mbege, inakausha mwili na kuharibu usingizi. Usinywe siku moja kabla ya zamu.

Hatua ya 8: Maji

Ndani ya mavazi ya moto mtu hutoa lita moja ya jasho kwa saa, na wengine zaidi. Kiu huchelewa. Tazama mkojo: rangi ya majani makavu ni sawa, rangi ya chai umechelewa. Pima uzito kabla na baada ya zoezi kali. Kila kilo iliyopungua irudishwe kwa lita 1.25 hadi 1.5 za maji, ukinywa kidogo kidogo. Usimwage lita tatu kwa mkupuo, maji mengi mno bila chumvi nayo ni hatari. Baada ya saa nzima ya jasho, changanya lita moja ya maji safi na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Ni mchanganyiko uleule wanaopewa watoto wanaoharisha.

Ukitoka kwenye moto kupumzika, vua koti na kofia, kaa kivulini, tumbukiza mikono mpaka viwiko kwenye ndoo ya maji ya bomba dakika 10 hadi 20. Joto la mwili linashuka haraka kuliko kwa kupepewa, na gari lina maji tayari.

Mkiitwa mlimani

Moto ulioanza Oktoba 11, 2020 eneo la Whona, njia ya Marangu, uliwapeleka watu wengi Kilimanjaro, wakiwemo wanafunzi wa chuo cha Mweka na wanavijiji. Kazi ya kule ni nyingine. Kambi ya Mandara iko mita 2,720, ya Horombo mita 3,720, na huko juu shinikizo la hewa ni kama theluthi mbili ya lile la pwani. Kuishi Moshi hakukuandai, hata kama unauona mlima kila asubuhi dirishani.

Kinachokuandaa ni kutembea. Mara mbili kwa mwezi, saa tatu hadi nne kwenye mwinuko, begi la kilo 12 hadi 15, buti zilezile utakazovaa. Kule juu, kula kila saa: ndizi mbivu mbili, au konzi ya njugu na kipande cha kiazi kitamu. Usisubiri njaa, mwinuko huizima. Kunywa hata kama ni baridi. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu, usipande tena mpaka vipite. Vikizidi, au mtu akianza kuyumba au kukohoa povu akiwa amekaa, mshusheni wakati huohuo, hata kama ni usiku, na asishuke peke yake.